Mkutano wa bajeti wa mwezi Mei: niende, au nibaki dukani?

SWALI: Nina duka la nafaka upande wa magharibi wa jiji la Nakuru. Kila masika maji hushuka kutoka juu, mtaro wa barabara yetu unafurika, na maji yanaingia madukani na katika nyumba za wapangaji walio nyuma yetu. Juzi tangazo lilibandikwa kwenye lango la afisi ya wadi likitualika kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti ya kaunti. Majirani wananiambia nisipoteze siku ya kazi, eti kila kitu kimeshaamuliwa na sisi tunaitwa tu kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria. Je, ni kweli? Na nikienda, niseme nini?

JIBU: Dada, majirani zako wamekuambia nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wabaki nyumbani. Ni kweli kwamba kufikia Mei sehemu kubwa ya bajeti imekwisha kufungwa. Lakini ilifungwa katika hatua mbili za awali ambazo kisheria nazo ni za umma, na wananchi hawajitokezi kwa sababu majina ya hatua hizo hayaonyeshi kwamba yana uhusiano wowote na mtaro wa mtu. Kwa hiyo nenda Mei, ila usiende ukitarajia mtaro wako uzaliwe siku hiyo. Kuna mambo ya kufanya Mei, kuna la kufanya kabla Agosti haijaisha, na kuna moja unaloweza kulifanya Jumatatu hii.

Nianze na kalenda, maana humo ndimo watu wanamopotelea. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeipanga safari nzima ya bajeti kwa tarehe, na tarehe ya kwanza ni 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka husika kuanza. Kufikia siku hiyo serikali ya kaunti inatakiwa iwe imewasilisha katika bunge la kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao maafisa huuita ADP. Humo ndimo vipaumbele vinamotajwa, na katika kaunti nyingi miradi huorodheshwa wadi kwa wadi: barabara hii, zahanati ile, kisima kule. Tazama umbali wenyewe: mpango unaowasilishwa Septemba 2026 ni wa mwaka wa fedha unaoanza Julai 2027. Anayetaka mtaro uchimbwe kabla ya masika ya 2028 anatakiwa awe amesema Agosti 2026. Najua ni kungoja kurefu kwa mtu anayeanika mahindi yaliyolowa, lakini anayelijua hili mapema hupata, na asiyelijua hurudishwa nyuma kila mwaka.

Hatua ya pili ni 28 Februari. Kufikia hapo waziri wa fedha wa kaunti anawasilisha Taarifa ya Mkakati wa Fedha, CFSP kwa lugha ya afisini. Nikiambiwa nichague hati moja tu ya bajeti ambayo kila mwenye duka angepaswa kuijua, ningechagua hii. Haitaji mtaro wala kalvati. Inasema idara ya barabara itapata kiasi hiki, ya afya kiasi hiki, ya kilimo kiasi hiki. Inaweka ukomo. Sheria inaiamuru hazina ya kaunti itafute maoni ya umma inapoiandaa, na bunge la kaunti lina siku 14 tu za kuijadili baada ya kuipokea. Siku 14, dada. Zikipita na wewe hujui kwamba hati imefika, ukubwa wa sahani ya kila idara umekwisha amuliwa.

Halafu ndiyo inakuja tarehe 30 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha makadirio yenyewe katika bunge la kaunti. Vikao vya Mei, kama huo ulioalikwa, huwa vya kuyajadili makadirio hayo kabla hayajapitishwa, na yanatakiwa kupitishwa kufikia 30 Juni. Hapo ndipo majirani zako wanapopata hoja yao. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema bunge la kaunti likibadilisha makadirio, fungu la idara yoyote haliwezi kuongezwa wala kupunguzwa kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Tuseme idara inayoshughulikia barabara na mitaro imewekewa shilingi milioni 800. Madiwani wote wakikubaliana nawe kwa sauti moja, bado hawawezi kuiongezea zaidi ya milioni 8, na wadi za Nakuru ni 55. Mwezi Mei ugali umeshasongwa. Kilichobaki ni kugawa vipande.

Lakini kugawa vipande si jambo dogo, na hapa natofautiana na majirani zako. Kanuni ile inafunga fungu la idara, haifungi kila mradi uliomo ndani yake. Fedha zikishaingia katika idara ya barabara, bado inawezekana kuhamisha kutoka mradi mmoja hadi mwingine ndani ya idara hiyo hiyo. Ukienda Mei ukiwa umeisoma orodha ya miradi ya wadi yako na ukaona, kwa mfano, kuna fedha za kuweka murram kwenye barabara ambayo maji yataibeba murram hiyo msimu wa kwanza kwa kuwa haina mtaro, unayo hoja ambayo diwani anaweza kuifanyia kazi palepale: sehemu ya fedha hizi ichimbe mtaro kwanza. Hoja ya aina hiyo nimeiona ikipita. Hoja ya “tunaomba mtaro” iliyotolewa Mei, bila kuonyesha fedha zitoke wapi, huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kukaa humo.

Kwa hiyo kabla ya siku ya mkutano, pata makadirio. Usisubiri kupewa karatasi mbili za muhtasari mlangoni. Hati hizi zinatakiwa kuchapishwa, na kwa kawaida huwekwa kwenye tovuti ya kaunti. Kama huna bando la kupakua faili kubwa, nenda kwa msimamizi wa wadi au kwa karani wa bunge la kaunti uombe kurasa za wadi yako na za idara ya barabara. Tafuta mambo matatu tu: je, barabara yenu imetajwa, je, kuna miradi ya mwaka uliopita iliyorudiwa kwa sababu haikukamilika, na je, wadi yenu imetengewa kiasi gani cha maendeleo kwa jumla. Hilo la katikati lisikupite. Mradi unaorudiwa hula nafasi ya mradi mpya, na mara nyingi watu hudhani ni kazi mpya wanayoahidiwa, kumbe ni deni la mwaka jana.

Sasa tuje kwenye mtaro wenyewe, maana umeuliza useme nini. Jambo la kwanza ni kujua barabara ni ya nani. Nakuru ina barabara za wenyewe watatu zinazopita karibu karibu. Barabara kuu inayotoka Nairobi kwenda Eldoret iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Baadhi ya barabara kubwa za ndani ya jiji ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, nayo ni ya serikali ya kitaifa. Zile za mitaani ni za kaunti. Ukipeleka ombi la mtaro wa KURA kwa kaunti utajibiwa kwa upole kwamba barabara si yao, na utakuwa umepoteza mwaka. Hata hivyo usikubali jibu hilo likate mazungumzo yote, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Limezipa pia kuzoa taka. Barabara inaweza kuwa ya mwingine, lakini maji yanayotoka mitaani na kuingia nyumbani kwa watu ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na hilo unaweza kulisema kikaoni bila woga. Chifu si mtu wa kaunti, na mbunge pia siye. Chifu anaweza kukusaidia kutangaza mkutano katika baraza lake, na mbunge ana fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa kitaifa wa maendeleo ya maeneobunge, ambazo kisheria si za kufanyia kazi zilizopewa kaunti. Mtaro wa mtaani muulize diwani, afisi ya wadi na usimamizi wa jiji.

Jambo la pili ni kueleza maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Hili ndilo linalotenganisha ombi linaloingia katika mpango na ombi linalosahaulika. Jiji la Nakuru limekaa kwenye mteremko, Menengai iko juu na ziwa liko chini, na maji ya mvua yana njia moja tu ya kwenda. Ukichimbiwa mtaro wa mita 100 mbele ya maduka yenu pekee, umempelekea jirani wa chini maji yote kwa kasi zaidi, na mwaka ujao ni yeye atakayesimama kikaoni akilia. Wahandisi wanalijua hilo, ndiyo maana wanasita kuidhinisha vipande vya mtaro visivyo na mwisho. Tembeeni watu watatu au wanne wakati mvua inanyesha, au mara tu inapokatika. Fuateni maji kuanzia yanapoingia mtaani kwenu hadi yanapojiunga na mtaro mkubwa au mto. Andikeni kalvati ipi imeziba, ipi ni nyembamba, wapi mtu amejenga juu ya njia ya maji. Pigeni picha zenye tarehe. Hesabuni nyumba na maduka yanayoingiliwa na maji. Karatasi moja yenye mambo hayo, ikiwa imetiwa sahihi na wakazi wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini pamoja, ina nguvu kuliko sauti kumi zinazopandiana ukumbini.

Nasisitiza wa juu na wa chini pamoja kwa sababu kikao cha wadi ni mahali ambapo mitaa hushindana. Wa huku wanataka taa, wa kule wanataka chekechea ya watoto, na anayeendesha kikao huwa na kazi ya kuandika kila kitu na kutoahidi lolote. Mitaa miwili ikija na ombi moja, inakuwa vigumu kulipuuza, na diwani naye anapata kitu cha kusimama nacho mbele ya wenzake. Ongeza hoja ya ziwa. Uchafu unaopita kwenye mitaro ya Nakuru huishia katika Ziwa Nakuru, ambalo ni sehemu ya hifadhi ya taifa na limo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011. Ombi la mtaro lililounganishwa na taka na ziwa linaweza kupokelewa na idara ya mazingira pia, siyo ya barabara peke yake, na hapo umejiongezea mlango.

Nimesema kuna la kufanya Jumatatu hii, na hili ningependa ulishike hata ukisahau mengine. Bajeti ya kaunti ina pande mbili: maendeleo na matumizi ya kawaida. Kuchimba mtaro mpya ni maendeleo, kunangoja kalenda yote niliyoeleza. Kuzibua mtaro uliopo ni matumizi ya kawaida, na fedha zake ziko katika bajeti ya mwaka huu unaoendelea. Mtaro wenu unafurika kwa sababu ni mdogo, au kwa sababu umejaa mchanga na taka? Mara nyingi ni yote mawili, lakini nusu ya tatizo huondoka kwa sepetu na lori. Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa jiji la nne la Kenya, na kwa hiyo ina bodi ya jiji na meneja wa jiji wanaohusika na huduma za kila siku. Waandikieni barua mkiomba mtaro uzibuliwe kabla ya mvua, mkiitaja barabara na sehemu zilizoziba, na nakala iende kwa msimamizi wa wadi. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kufika.

Na hapa nisiposema nitakuwa nimekudanganya: mtaro uliozibuliwa hujaa tena ndani ya mwezi ikiwa mtaa hauna mahali pa kutupa taka. Kuzoa taka ni jukumu la kaunti, lakini kutotupa maganda ya mahindi na mifuko kwenye mtaro ni jukumu la wenye maduka, na nyinyi ndio mnaojuana. Mkikubaliana juu ya hilo, andikeni ndani ya barua kwamba mmekubaliana. Meneja anayeona kwamba wakazi wamebeba sehemu yao ana sababu ya kupeleka vijana wake kwenu kabla ya mtaa mwingine.

Kuhusu kile kinachowauma majirani zako, kwamba watu huitwa kutia sahihi tu: hofu hiyo ina msingi, na mahakama imekwisha kuizungumzia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema ushirikishaji unatakiwa uwe wa kweli, na kwamba kaunti inapaswa kutumia kila njia ya kuwafikia watu: makanisa, misikiti, mabaraza, redio za lugha za kienyeji. Tangazo la gazetini pekee halikutosha. Nakueleza kesi hiyo ili ujue kwamba sahihi yako kwenye orodha ile ni ushahidi wa kisheria kwamba kaunti ilikushirikisha, na ndiyo maana wanaihitaji. Basi nawe usitie sahihi ukaondoka. Baki mpaka maoni yako yaandikwe, omba yasomwe kama yalivyoandikwa, na uache nakala ya karatasi yenu kwa katibu wa kikao. Ukiona kumbukumbu zinasema “wakazi waliunga mkono bajeti” ilhali mliuliza kuhusu mtaro, omba zirekebishwe hapo hapo, watu wakiwa bado wamekaa.

Baada ya mkutano kuna swali ambalo watu wengi hawalirudii: maoni yetu yalikwenda wapi? Unayo haki ya kuliuliza kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu ombi la habari; kama habari ni nyingi anaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. Kuomba ni bure, ila unaweza kutozwa gharama ya nakala. Omba ripoti ya maoni ya umma kuhusu makadirio, na orodha ya miradi ya wadi yako kama ilivyopitishwa Juni. Wasipojibu, malalamiko yanapelekwa kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya afisi za umma, na hayahitaji wakili. Kaunti inatakiwa pia kutoa ripoti ya matumizi kila robo mwaka, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Ripoti hiyo ndiyo itakuambia kama fedha za barabara yenu zimetumika, zimelala, au zimekwenda kulipa madeni ya wanakandarasi wa zamani. Msimamizi wa Bajeti naye huchapisha ripoti zake za kaunti zote 47, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila mwaka. Si lazima uzisome zote. Mpe kijana mmoja wa mtaa aliyemaliza shule awe anazifuatilia. Wapo wengi walio nyumbani wenye akili na muda, na kazi hii inawafundisha nchi yao inavyoendeshwa.

Kama mtaro utaingia kwenye bajeti, kazi yenu inaendelea. Makueni ilijijengea jina katika jambo hili: wakazi huchagua kamati ya mradi, na kamati hiyo hukagua kazi na kutia sahihi kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Mnaweza kuliomba hilo katika wadi yenu. Omba kuoneshwa vipimo vya kazi siku mwanakandarasi anapokuja: urefu, kina, upana wa kalvati. Mtaro wa kina cha futi mbili uliolipiwa kama wa futi tatu huonekana siku ya mvua, wakati fedha zimekwisha lipwa.

Mkigonga milango yote hii na hakuna anayefungua, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti. Si maandamano wala kesi. Ni barua yenye majina, sahihi, maelezo ya tatizo, hatua mlizokwisha kuchukua na mnachotaka bunge lifanye, inayopelekwa kwa karani wa bunge. Hapo ndipo zile nakala zenye muhuri zinapokuwa na kazi, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni kama mlikwenda kwanza kwenye idara husika.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwako ni huu. Jumatatu barua ya kuzibua mtaro iende kwa usimamizi wa jiji. Kabla ya mkutano wa Mei upate kurasa za wadi yako na uangalie kama kuna fedha zinazoweza kuhamishwa. Kwenye mkutano, useme kwa dakika tatu, uache karatasi, na umuulize msimamizi wa wadi mbele ya watu wote: vikao vya kukusanya maoni ya ADP vitafanyika tarehe gani, na wapi? Aandike jibu lake kwenye kumbukumbu. Vikao hivyo vinapaswa kumalizika kabla ya Septemba mosi, na huko ndiko unakotakiwa kwenda na majirani wote, hata wale wanaokuambia ubaki dukani.